Mchanga kabla ya membreni: kisima cha ufukweni kwa mashine ya RO

Ukifyonza maji ya Ziwa Victoria moja kwa moja, utaingiza mwani, tope la masika na mabaki ya magugu maji. Membreni, ule utando mwembamba unaochuja maji ndani ya mashine ya RO (osmosisi kinyume), itaziba kabla haijarudisha hela yake. Mimi nachimba kisima pembeni ya ziwa: pampu inayavuta maji kupitia mchangani, taka zinabaki njiani. Düsseldorf, Ujerumani, wanafanya hivyo kando ya mto Rhine tangu 1870.

Hatua ya 1. Tafuta mchanga. Mwanza hii ya mawe, si kila ufukwe unafaa. Jaribu kwa kekee ya mkono. Ukigonga mwamba, au ukikuta mfinyanzi mtupu, hama.

Hatua ya 2. Kibali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo anzia Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Umbali usikuudhi: maji yakikawia mchangani wiki kadhaa, vijidudu vingi hufia humo.

Hatua ya 3. Shusha bomba lenye matundu membamba, lizungushie kokoto ndogo, juu ziba kwa saruji. Pampu iende taratibu, la sivyo itapandisha mchanga.

Hatua ya 4. Chuma. Hapa ndipo nilipoumia. Chini mchangani oksijeni ikiisha, chuma na manganizi huyeyuka, na maji hutoka maangavu kama kioo. Kisima changu cha kwanza nilikisifia sana. Mama lishe wa jirani akaniambia, "Fundi, maji yako yanaigeuza chai yangu nyeusi kama wino." Nikacheka. Baadaye nilipofungua membreni, kutu tupu.

Siku hizi najaza ndoo nyeupe, naiacha wazi usiku kucha. Asubuhi nikikuta unga wa rangi ya kutu chini, nayadondosha maji juu ya trei zenye matundu yapigwe hewa, yatulie tankini, kisha yapite chujio la mchanga.

Hatua ya 5. Pima SDI, yaani kipimo cha jinsi maji yanavyoziba chujio: yapitishe kwenye karatasi ya kuchujia yenye matundu ya maikroni 0.45, dakika 15. Ikizidi 5, usiwashe mashine. Mimi hungoja ishuke chini ya 3. Rudia mvua zikianza, na ziwa likigeuka kijani. Klorini usiitie kabla ya membreni za poliamidi (aina ya plastiki), inazila. Itie kwenye maji yaliyokwisha kupita membreni.