Kuvuna maji ya paa Nakuru: msingi na gata kwanza, tangi baadaye

Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Nakuru yana floridi nyingi kwa sababu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Floridi ndiyo inayowaachia watoto meno ya kahawia, na ikinywewa kwa wingi miaka mingi hudhuru mifupa. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua sufuriani, floridi inabaki yote. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa, kwa hiyo anayejenga hapa apangie mvua tangu ramani ya nyumba inapochorwa.

Kasoro inayoonekana mara kwa mara ni pesa yote kuishia kwenye tangi kubwa, halafu msingi wake na gata, yaani mkondo wa ukingoni mwa paa unaokinga maji, vikafanywa kwa mabaki. Tangi likiinama au likipasuka, lawama humwendea aliyeliuza, na kumbe shida iko chini yake.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Pima urefu na upana wa paa kwa usawa wa ardhi, pamoja na ukingo unaotokeza nje ya ukuta. Usipime mteremko wa mabati. Paa la mita 10 kwa 8 ni mita 80 za mraba. Mvua ya milimita 10 inaleta lita 800, na ukitoa yanayoruka na kuvuja unabaki na kama 650.

Sasa angalia matumizi. Watu watano wakitumia lita 10 kila mmoja kwa kunywa na kupika tu, ni lita 50 kwa siku. Kiangazi cha siku 100, kuanzia Desemba hadi mvua za Machi, kinahitaji lita 5,000. Kufua na kusafisha nyumba kunaweza kuendelea na maji ya kisima. Tangi la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa Novemba linatosha familia hiyo.

Hatua ya 2: Msingi wa tangi

Hapa usibanie. Lita 5,000 ni tani 5 zinazokaa mahali pamoja mwaka mzima, na udongo wa majivu ya volkano ni mwepesi: ukiwa mkavu unasimama vizuri, ukilowa unatitia au kumomonyoka.

Tangi la ukubwa huu huwa na kipenyo cha karibu mita 2. Pima lako kwanza. Weka msingi wa mraba wa mita 2.4 kila upande ili pembeni kubaki nafasi. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, chimba mtaro wa ukuta sentimita 45 au zaidi mpaka ufikie udongo mgumu, mwaga zege chini, kisha jenga kwa mawe ya inchi 9 hadi sentimita 60 juu ya ardhi. Kimo hicho kinaruhusu mtungi wa lita 20 kusimama chini ya mfereji.

Ndani jaza mawe na changarawe kwa matabaka ya sentimita 15, ukishindilia kila tabaka kabla ya kuongeza jingine. Ukijaza yote kwa mpigo na kushindilia juu tu, sehemu ya chini itashuka baadaye na sakafu ya zege itabaki ikining'inia, kisha ipasuke.

Sakafu iwe na unene wa sentimita 10, na waya wa BRC (wavu wa chuma wa kuimarisha zege) ukae katikati ya unene huo, si kulala chini kabisa. Changanya simiti, mchanga na kokoto 1:2:4 kwa ujazo. Wilbaro moja ni kama mifuko miwili, kwa hiyo kwa kila mfuko wa simiti wa kilo 50 tia wilbaro moja ya mchanga na mbili za kokoto. Kwa sakafu hii utatumia mifuko 4. Ya ukuta na mtaro ihesabu kando. Lainisha uso kabisa, kwani kokoto moja iliyochomoza hutoboa kitako cha tangi la plastiki. Mwagilia siku 7, na usijaze tangi kabla ya siku 14. Ukiweza kungoja 28, ngoja.

Hatua ya 3: Gata

Mteremko unaofaa ni milimita 5 kwa kila mita. Upande wa mita 10 ushuke sentimita 5 kutoka mwanzo hadi kwenye bomba la kushusha. Piga msumari kwenye ubao wa ukingoni pale mbali, chini kidogo ya mabati; piga mwingine upande wa bomba sentimita 5 chini zaidi; vuta uzi, kisha funga vishikio kwa kuufuata, kila sentimita 60. Fundi akitumia jicho tu, mwambie arudishe uzi.

Mteremko mkali nao ni kosa. Gata linakuwa mbali na mabati upande wa chini, na mvua kubwa inaruka juu yake. Mabati yaingie ndani ya gata kama sentimita 5. Kabla fundi hajaondoka, mimina ndoo ya maji upande wa mbali: yakituama popote, kishikio kirekebishwe siku hiyo hiyo.

Paa la zamani la asbesto lisikusanyie maji ya kunywa, na usilikate wala kulitoboa ili kufunga gata.

Hatua ya 4: Kutenga maji ya kwanza

Vumbi la Januari na Februari pamoja na kinyesi cha ndege vinashuka na mvua ya kwanza. Tenga angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba. Paa letu linataka lita 40. Wengi hufunga kipande cha bomba la inchi 4 chenye mita 2 na kuridhika, ilhali mita moja ya bomba hilo inabeba lita 8 na kidogo tu. Tumia pipa dogo la lita 60 lenye mfuniko, lililounganishwa kwa kiungo cha T kabla ya tangi. Likijaa, maji yanaendelea tangini. Chini yake weka koki ya kulimwaga.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Bomba la kutoa ziada liwe na upana sawa na la kuingiza, na liyapeleke maji mita 3 au zaidi kutoka kwenye msingi wa tangi na wa nyumba. Ziada inayomwagika papo hapo inakula udongo chini ya ukuta, na mjini Nakuru ardhi yenyewe imewahi kufunguka nyufa baada ya mvua kubwa. Funga wavu wa mbu kwenye midomo yote miwili.

Maji ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa, maana kinyesi cha ndege kina vijidudu. Pipa la maji ya kwanza limwagwe kila mvua inapokatika. Likiachwa limejaa, uchafu wa mvua inayofuata utapita moja kwa moja hadi tangini.