Kuomba kadi ya mkopo ya kwanza Marekani: mwongozo kwa aliyefika juzi

Kampuni za mikopo za Marekani hazijui ulivyoaminika Kigoma, Mombasa au Uvira. Hata kama ulikuwa mweka hazina wa SACCO na hujawahi kuchelewesha rejesho, ukishuka uwanja wa ndege jalada lako la mikopo, yaani rekodi ya ulivyokopa na kulipa, linaanza tupu. Jalada hilo hutunzwa na kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, na ndilo analolichungulia mwenye nyumba kabla ya kukupangisha na muuza magari kabla ya kukukopesha. Kadi ya kwanza kazi yake ni kulijaza. Ichague kwa kazi hiyo, na pointi za ndege zisubiri.

Kabla ya kugusa fomu

Utahitaji namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii. Kuiomba ni bure, na fomu yake ni SS-5. Asiyestahili kuipata lakini analipa kodi huomba namba ya mlipakodi, ITIN, kwa fomu W-7 ya IRS, mamlaka ya kodi. Baadhi ya benki huipokea namba hiyo, Capital One ikiwemo, na nyingine huikataa, kwa hiyo uliza mapema.

Pili, jina na tarehe ya kuzaliwa viandikwe kama vilivyo kwenye nyaraka zako za Marekani. Kama karani aligeuza majina yako, jina la babu likawa la mwanzo, liandike hivyo hivyo hadi utakapolisahihisha rasmi. Wengi waliotoka kambini wameandikiwa 1 Januari. Usiweke tarehe nyingine kwa kuwa mama ndiye anayeijua ya kweli. Tofauti ndogo tu inatosha kuchanganya jalada lako na la mtu mwingine, na kuyatenganisha ni kazi ya miezi.

Tatu, anwani ya mahali unapoishi. Sanduku la posta halikubaliwi kama makazi.

Kisha angalia jalada lako. Tovuti ni AnnualCreditReport.com, ni bure, na unaweza kupata ripoti ya kila kampuni mara moja kwa wiki. Kwa aliyekuja kama mkimbizi lipo jambo la kuangalia hasa: ile nauli ya ndege uliyokopeshwa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Haina riba, lakini ni deni kamili, na mashirika mengi yanayoikusanya hupeleka taarifa za malipo kwa kampuni za majalada. Ukiilipa vizuri, unaweza kukuta una historia kabla hujashika kadi yoyote. Ukiidharau, vilevile itaonekana.

Kuchagua aina

Kwa mtu asiye na historia, ninayoipendekeza bila kusita ni kadi ya dhamana, ile ambayo benki huiita secured. Unaweka fedha benki, mara nyingi kuanzia dola 200, na kiasi hicho ndicho huwa kikomo chako cha matumizi. Dhamana si malipo ya kadi. Inakaa tu, na unaendelea kulipa kila mwezi kama mwenye kadi mwingine yeyote. Wengi hapa hukosea, wakadhani benki itakata humo, wakaacha kulipa. Hakikisha mambo mawili kabla ya kuweka fedha: kadi isiwe na ada ya mwaka, na benki iwe inapeleka taarifa kwa kampuni zote tatu za majalada. Capital One ina kadi ya namna hii isiyo na ada. Zipo pia kadi za kulipia kabla, zinazouzwa kaunta za maduka ya dawa, zenye nembo ya Visa vilevile. Hizo hazijengi chochote kwenye jalada.

Kabla hujaenda benki kubwa, pita kwenye credit union ya mtaani kwenu, ambayo kwa mtu wa nyumbani ni SACCO iliyopata jengo zuri. Zile zenye leseni ya serikali kuu haziruhusiwi kutoza riba ya kadi inayozidi 18% kwa mwaka, wakati benki za kawaida hupita 20% bila aibu. Huko pia utakaa mbele ya mtu na kumweleza hali yako.

Mwanafunzi ana kadi zake, ila sheria ya mwaka 2009 inamtaka aliye chini ya miaka 21 awe na kipato chake mwenyewe, au mdhamini kwa benki zinazokubali wadhamini. Njia nyingine ni ndugu mwenye rekodi safi kukuongeza kwenye kadi yake. Historia ya kadi hiyo huingia kwenye jalada lako, mazuri na mabaya yake pia, na deni hubaki kuwa lake. Usimwombe shemeji jambo hili kama hamuaminiani kwa fedha.

Kadi za maduka ndizo utakazopewa kwa tabasamu kubwa zaidi. Unanunua makochi, unaambiwa hakuna riba miezi 12. Soma mstari mdogo: kwenye mpango wa riba iliyoahirishwa, ikibaki hata dola 50 mwezi wa mwisho, unatozwa riba ya mwaka mzima kuanzia siku uliyonunua. Na riba yenyewe mara nyingi inakaribia 30%.

Kujaza na kutuma

Benki nyingi zina ukurasa wa kupima kama utakubaliwa kabla ya kuomba rasmi. Anzia hapo, kwa kuwa kipimo hicho hakigusi alama zako za mkopo, yaani namba inayokokotolewa kutokana na jalada lako. Ombi rasmi ndilo huacha kumbukumbu ya ukaguzi inayokaa kwenye jalada miaka 2, na ndiyo maana si busara kutuma maombi matano wikendi moja ukitumaini moja litanasa.

Kwenye fomu, sehemu inayowakwamisha watu ni kipato. Kinachoulizwa ni kipato cha mwaka kabla ya kodi. Ukilipwa dola 17 kwa saa, saa 40 kwa wiki, zidisha kwa wiki 52: dola 35,360. Aliyefikisha miaka 21 anaweza kujumlisha kipato cha mwenzi wake ikiwa kwa kweli anakitumia. Usiongeze sifuri, kudanganya kwenye ombi la mkopo ni kosa la jinai, na kwa mtu anayesubiri uraia ni kujitafutia balaa.

Jibu huja papo hapo au baada ya siku kadhaa, pengine na ombi la nakala ya kitambulisho au hati ya mshahara. Ukikataliwa, sheria inaitaka benki ikujibu ndani ya siku 30, na una haki ya kupewa sababu. Una siku 60 za kudai ripoti ya bure kutoka kampuni iliyotumika kukukagua. Sababu ikiwa ni jina au anwani isiyolingana, sahihisha kwanza. Ikiwa ni kukosa historia, rudi kwenye kadi ya dhamana.

Kuitumia

Kadi ikifika, iwashe, kisha zifahamu tarehe zake mbili. Ya kwanza ni siku ya kufunga taarifa ya mwezi: salio la siku hiyo, yaani deni ulilonalo, ndilo kwa kawaida linalopelekwa kwenye majalada. Ya pili ni siku ya mwisho ya kulipa, ambayo lazima iwe angalau siku 21 baada ya kutumiwa taarifa. Ukilipa salio lote la taarifa kabla ya siku hiyo, kwa kadi nyingi hutozwi riba ya manunuzi hata senti.

Sasa chukua kadi ya kikomo cha dola 300. Umenunua vyakula vya dola 250, na umelipa vyote kwa wakati. Bado jalada linaweza kusema umetumia 83% ya mkopo wako, na alama, zinazoanzia 300 hadi 850 kwa kipimo cha FICO, zikashuka. Dawa yake ni kulipa sehemu kubwa kabla ya siku ya kufunga taarifa, salio libaki dola 30 hivi. Kiasi unachodaiwa kina uzito wa 30% kwenye alama hizo. Kulipa kwa wakati kina 35%. Malipo yakichelewa siku 30, doa linaweza kukaa miaka 7. Kwa hiyo washa malipo ya moja kwa moja, na uchague salio lote, si kiwango cha chini. Deni la dola 1,000 kwa riba ya 24% linazaa takribani dola 20 kwa mwezi. Ukilipa 30, umepunguza 10 tu.

Kwa Mwislamu anayeiepuka riba, kulipa salio lote kila mwezi kunamwepusha kuitoa. Wapo wasioridhika hata hivyo, kwa kuwa sharti la riba limo kwenye mkataba wenyewe. Hao wabaki na kadi ya benki inayokata fedha zao wenyewe (debit) na wajenge jalada kwa njia nyingine, kama kulipa ule mkopo wa IOM.

Kutuma fedha nyumbani usitumie kadi hii. Benki nyingi huhesabu kama umechukua taslimu: kuna ada, na riba huanza siku hiyo hiyo bila muda wa neema. Ukienda likizo, kagua kama kadi yako inatoza takribani 3% kwa matumizi ya nje. Hotelini Zanzibar au Nairobi, mashine ikikuuliza dola au shilingi, jibu shilingi.

Ukiona malipo usiyoyajua, piga simu namba iliyo nyuma ya kadi, kisha andika barua ndani ya siku 60 tangu ulipotumiwa taarifa. Kwa matumizi ya wizi sheria haikubebeshi zaidi ya dola 50.

Baada ya miezi kadhaa ya kulipa bila doa, omba benki ikurudishie dhamana na kuigeuza kadi iwe ya kawaida. Mkikubaliana, usiifunge hata ukipata nyingine nzuri zaidi, maadamu haina ada. Inunulie kitu kidogo mara mojamoja, benki isije ikaifunga yenyewe kwa kukosa matumizi.