Jinsi ya kuelewa kinga ya mwili inavyochangia mishipa kuziba

Ukitaka kuelewa mishipa inavyoziba usiishie kwenye mafuta, chukua karatasi uchore. Mstari mmoja ndo ukuta wa ndani wa mshipa, vitone chini yake ni kolesteroli mbaya, ile LDL, iliyopenya ikakwama humo.

Sasa chora seli nyeupe inaitwa monosaiti, inapita na damu, inanasa ukutani, inajipenyeza ndani na huko inageuka makrofaji, yani seli mlaji, inaanza kuyala yale mafuta mpaka inajaa matone matone, kwenye hadubini inaonekana kama povu ndo maana wanaiita seli povu. Hapa tulia kidogo maana ndo penyewe. Ikifa inamwaga ilichokula, wenzake wanakuja kusafisha nao wanafia hapohapo, katikati panabaki rojorojo (lile neno athero limetoka kwa Kigiriki, maana yake uji).

Juu ya hiyo rojo chora kifuniko. Seli T, aina nyingine ya seli nyeupe za kinga, zinachochea moto, yani uvimbe wa kinga, kifuniko kinakonda, kikipasuka damu inaganda hapo ghafla, na kama ni mshipa wa moyo, huo ndo mshtuko wa moyo.

Ushahidi mzuri ni utafiti wa CANTOS wa 2017, watu zaidi ya 10,000, dawa ilituliza interleukini-1 beta, kemikali ya kinga inayochochea huo moto, bila kushusha kolesteroli na matukio ya moyo yakapungua, ila maambukizi ya kuua yaliongezeka kwa hiyo usikimbilie kuzima kinga. Acha sigara, shusha LDL, dhibiti presha, ukuta usichokozwe.