Mtoto Anacheka Bila Sababu: Ya Kuandaa Kabla ya Kwenda Hospitali

Kicheko kinachomjia mtoto ghafla, kisicho na furaha usoni, kikakoma ghafla na kurudi kwa namna ileile mara kadhaa kwa siku, huenda ni kifafa. Kwa kuwa ni nadra daktari kukishuhudia, wewe mzazi ndiye utakayempelekea ushahidi.

Anza na video. Onyesha uso, kisha shuka mikononi na miguuni, na umwite jina ili daktari aone kama anakusikia. Kicheko kikiisha usizime simu: kulia, kuduwaa au kusinzia kunakofuata kuna maana kubwa. Andika pia saa, na kama alikuwa amelala.

Chanzo kinachojulikana zaidi ni hamatoma ya haipothalamasi, kinundu kisicho saratani ambacho mtoto huzaliwa nacho kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo. Eneo hilo ndilo linaloamsha balehe, kwa hiyo binti akianza kuota matiti kabla ya miaka 8, au mvulana akionyesha dalili za balehe kabla ya miaka 9, sema bila kuona haya.

Lakini si kila kicheko hutoka huko. Kipo kinachoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, na hicho mara nyingi huja usingizini, mikono ikikakamaa au mtoto akirusharusha miguu. Kingine huanzia ubavuni mwa ubongo, penye kovu, uvimbe, au gamba la ubongo (tabaka lake la nje) lililojipanga vibaya tangu tumboni mwa mama. Wapo pia wenye ugonjwa wa kurithi unaoitwa tuberasi sklerosisi. Mvue nguo penye mwanga wa mchana, umkague mgongo na mapaja: mabaka meupe yenye umbo la jani usiyaache bila kuyataja.

EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, ikitoka safi, usikubali suala lifungwe hapo. CT, picha ya ubongo inayopigwa kwa eksirei, nayo inaweza kukikosa kinundu kidogo. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ndiyo inayofaa, na fomu iandikwe wazi kuwa mtoto ana vicheko, ili msomaji wa picha aichunguze haipothalamasi. Mtoto mdogo huenda akapewa dawa ya usingizi, hivyo uliza mapema akae saa ngapi bila kula.

Beba dawa zote anazotumia, za mitishamba pia, wala usimkatishe za kifafa kwa kuwa anakwenda kupimwa. Degedege likimkamata njiani, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Likipita dakika 5, ingieni hospitali iliyo karibu zaidi.