Taa zote zimewaka kwenye dashibodi? Pima nyaya za CAN kabla ya kununua kontroboksi

Gari likiingia gereji huku taa za ABS (breki), injini na usukani zikiwaka kwa pamoja, hukumu huwa ile ile: "Kontroboksi imekufa," yaani kompyuta ya gari imeharibika. Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Gerezani, Dar es Salaam, na neno hilo linaniuma. Mwenye gari anakwenda kukopa hela anunue kontroboksi ya mtumba, kumbe ugonjwa uko kwenye waya, fyuzi au athi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari).

Kompyuta ya injini, ya gia, ya ABS, ya usukani na dashibodi zinapeana taarifa kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, CAN-H na CAN-L. Bosch waliutangaza mfumo huu mwaka 1986, na leo karibu kila Toyota, Nissan au Subaru unayoipokea unao. Zote zinatumia nyaya hizo hizo mbili, kwa hiyo waya mmoja ukigusa bodi, wote wanaweza kunyamaza.

Anza na karatasi na kalamu. Chomeka mashine ya kusomea hitilafu, soma kila kompyuta, si ya injini peke yake, kisha andika nani anamlalamikia nani. Namba za hitilafu zinazoanza na U ni za mawasiliano. U0100 maana yake aliyeiandika hamsikii kompyuta ya injini; U0101, hamsikii wa gia; U0121, hamsikii wa ABS. Hazisemi aliyetajwa ameharibika. Zinasema hasikiki tu. Wote wakimlalamikia ABS na ABS mwenyewe hasomeki, nenda kwa ABS. Wote wakilalamikiana, shuku nyaya zenyewe. Halafu futa namba zote, washa gari tena, uone zipi zinarudi, maana betri iliyochoka huacha namba za U nyingi wakati wa kupiga stata. Betri iwe imejaa chaji kabla hujaamini chochote.

Kama ni kompyuta moja tu iliyonyamaza, angalia chakula chake kwanza: fyuzi, waya wa moto na athi. Hapa mita inaweza kukudanganya. Waya uliobaki na uzi mmoja utaonyesha volti 12 safi, lakini ukiupa mzigo unakata. Chomoa soketi ya kompyuta hiyo, chukua balbu ya indiketa ya wati 21, uifunge kati ya pini ya moto na pini ya athi. Ikiwaka kwa nguvu, chakula kipo. Ikiwaka kwa unyonge, umeshapata kazi yako. Magari ya huku pwani athi zinaoza kwa chumvi, na maji ya AC yakimwagikia chini ya zulia upande wa abiria, soketi zinaota kutu ya kijani. Balbu hiyo usiiguse kabisa kwenye nyaya za CAN.

Chakula kikiwa sawa, ingia kwenye laini, yaani nyaya za CAN zenyewe. Zima gari, vua terminali ya hasi ya betri, subiri dakika chache. Kwenye soketi ya OBD, ile unayochomekea mashine, weka mita ya omu kati ya pini 6 (CAN-H) na pini 14 (CAN-L). Kila mwisho wa laini una rezista ya omu 120, na zikiwa mbili sambamba utasoma karibu 60. Toyota wanakubali 54 hadi 69. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Mita isiposoma kitu, huenda tawi linalokuja kwenye soketi yenyewe limekatika.

Watu wengi wanaona 60 wanafunga vifaa. Usifunge. Pima pia pini 6 kwa pini 4, ambayo ni athi, halafu 14 kwa 4, kisha zote mbili kwa pini 16, ambayo ni moto. Mita ikishuka karibu na sifuri, waya huo una shoti na bodi au na moto.

Kulikuwa na Toyota Vanguard moja iliyokuwa ikisumbua barabarani kila ikipita matuta: taa zote zinawaka, mashine inakataa kusoma chochote, gari likitulia mambo yanarudi sawa. Kati ya 6 na 14 ilikuwa inasoma 60 bila kasoro. Tuliacha mita kati ya 6 na 4, kijana akawa anatikisa nyaya chini ya dashibodi, na ghafla mita ikashuka karibu na sifuri. Aliyefunga kifaa cha kufuatilia gari alipitisha skrubu katikati ya nyaya, ikachuna ganda la CAN-H. Kontroboksi ilikuwa nzima kabisa, na mwenye gari alishaambiwa abadilishe. Tangu hapo, swali langu la kwanza kwa mteja ni nani amefunga alamu, redio au kifaa cha kufuatilia.

Kisha rudisha betri, weka swichi, pima volti kwa athi. CAN-H husoma juu kidogo ya 2.5, CAN-L chini kidogo. Zote zikiwa karibu na sifuri, kuna shoti na bodi; zikipanda kuelekea 12, kuna shoti na moto.

Ukishajua shoti ipo, chomoa kompyuta moja moja huku ukitazama mita, ukianza na inayofikika kirahisi. Usomaji ukirudi sawa baada ya kuchomoa moja, mshuku ni huyo au tawi lake. Kumbuka tu kwamba zile zenye rezista ndani, ukichomoa mojawapo, lazima usome 120 kati ya 6 na 14. Kwenye magari mengi mapya ya Ulaya kuna kompyuta ya kati inayotenga laini, kwa hiyo soketi ya OBD haikuonyeshi kilicho nyuma yake. Tafuta mchoro wa waya.

Ukiunga waya, tia risasi ya kulehemu, funika kwa mpira wa kunywea kwa moto, na urudishe msokoto wake hadi karibu na kiungo, kwani msokoto ndio unaozuia kelele za umeme za koili na jenereta. Futa namba, lipeleke gari kwenye barabara mbovu, kisha soma kompyuta zote upya kabla ya kumkabidhi mwenyewe ufunguo.