Kabla kikundi chenu cha sanaa hakijaomba ruzuku ya serikali

Mfuko wowote wa umma ukitangaza ruzuku za sanaa, simu yangu haipumziki. "Mama, pesa za utamaduni zimetoka, tusaidie na pendekezo." Pendekezo! Watu wa Kisumu tunakimbilia pendekezo kwa sababu ndilo tamu. Hapo unaandika habari za nyatiti, kile kinubi cha Waluo, za vijana wa Manyatta, za nyimbo ambazo wazee wanakwenda nazo kaburini. Mimi nimeongoza kikundi cha ngoma na maigizo hapa mjini kwa zaidi ya miaka kumi, na bado sijakutana na kikundi kilichokosa pesa kwa sababu pendekezo halikunoga. Walioangushwa na karatasi ninao wengi, sisi tukiwa wa kwanza. Basi funga hiyo kompyuta kidogo.

Anza na cheti cha usajili. Tangu sheria ya Kenya ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022, kikundi kinatakiwa kuwa na wanachama wasiopungua 10 na kusajiliwa na idara ya maendeleo ya jamii. Cheti hicho kina tarehe ya kuisha. Kiangalie leo, usingoje wiki ya mwisho ya kutuma maombi ndipo uanze kumtafuta afisa ambaye yuko semina Naivasha. Katiba ya kikundi iwe imetiwa sahihi, na miniti za mikutano ziwe za mikutano iliyofanyika kweli. Miniti za miaka mitatu zilizoandikwa kwa kalamu moja usiku mmoja zinajulikana hata na mtoto.

PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa ushuru inayotolewa na mamlaka ya ushuru, iwe ya kikundi, si ya mwenyekiti. Ritani, zile taarifa za mapato, zijazwe kila mwaka hata kama hamkuona shilingi, kwa sababu bila ritani hamtapata kile cheti cha kuonyesha kwamba hamna deni la ushuru, na bila cheti hicho faili yenu haifunguliwi. Kikipatikana kinadumu miezi 12. Na kama mmejisajili kama kampuni, kuchelewesha ritani ni faini ya shilingi 20,000 au zaidi. Hiyo ni nauli ya kikundi kizima kwenda Kakamega na kurudi, mara kadhaa.

Jueni pia pesa hukaa wapi na hutembea lini. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti shughuli za utamaduni, kwa hiyo mlango wa kwanza ni idara ya utamaduni ya kaunti yenu, uwe Kisumu, Nakuru au Vihiga. Kitaifa kuna ile hazina ya michezo, sanaa na maendeleo ya jamii iliyoundwa mwaka 2018, ambayo hujazwa na ushuru wa kamari na bahati nasibu. (Ndiyo, kijana anayepoteza mia mbili kwenye mechi kule Kondele anachangia sanaa bila kujua.) Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa mwaka unaofuata unatakiwa uwe umefika kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Maana yake ni kwamba ukitaka sanaa iwe na fungu, nenda kwenye vikao vya maoni ya umma mapema, wakati mpango bado unaandikwa. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Barabara, maji, zahanati, taa za soko. Ukisimama kusema "ukumbi wa maigizo" watu wanatabasamu kama umeomba bahari. Sema tu. Tena nendeni wengi, kwa maana anayeandika huandika kilichorudiwa na watu wengi.

Sasa akaunti ya benki. Hapa tulieni.

Jina letu kwenye cheti lina maneno manne. Tulipofungua akaunti, karani alisema nafasi kwenye fomu haitoshi, akalifupisha neno la tatu na kuliacha la nne. Tukasema sawa, sisi tulitaka akaunti itoke twende zetu. Miaka ikapita. Pesa zetu za harusi na mazishi zilikuwa zikiingia kwenye simu ya mweka hazina na kutoka papo hapo, benki hatukwendi. Akaunti ikalala. Hatukujua kwamba akaunti hulala, yaani benki huisimamisha isipotumika.

Kisha mwaka mmoja tukashinda ruzuku, shilingi 350,000, kwa onyesho la kuchanganya ohangla, ngoma ya Waluo, na isukuti, ngoma ya Waluhya wa Kakamega. Barua ilifika Machi. Tulikula samaki Dunga siku hiyo mpaka wenye kibanda wakatuuliza nani ameoa. Wiki iliyofuata mimi na katibu tukapanda matatu hadi Khayega, kule Kakamega, kuagiza ngoma. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na tulitaka zetu wenyewe badala ya kukodi. Mzee fundi alitutembeza katikati ya magogo yake akiyagonga kwa kifundo cha kidole, ameinamisha kichwa kama daktari. Mawili aliyakataa. "Hili bado lina maji," alisema, "mkilichukua litapasuka mkiwa jukwaani." La tatu akaligonga mara mbili, akacheka. Tulimpa shilingi 8,000 kutoka mifukoni mwetu na kumwahidi zinazobaki pesa zikiingia. Fundi wa nguo wa Kibuye naye tukamwahidi hivyo hivyo. Na mwenye spika. Barua tunayo, tuogope nini?

Aprili ikapita, na Mei. Juni 24 afisa akapiga simu: pesa zimetumwa. Tukaenda benki, hakuna kitu. Kesho yake hakuna. Siku ya tatu karani, binti mpole sana, akanigeuzia skrini nione mwenyewe. Pesa zilikuwa zimekuja zikarudi, kwa sababu jina la mpokeaji halikulingana na jina la akaunti. Hata lingelingana, akaunti yenyewe ilikuwa imelala. Kuiamsha na kurekebisha jina kulihitaji watia sahihi wote watatu, ana kwa ana, na vitambulisho.

"Huyu wa kwanza yuko?"

"Ndiye huyu hapa."

"Wa pili?"

"Yuko Qatar. Kazi ya ulinzi."

"Na huyu wa tatu, naomba aje kesho asubuhi."

"Huyo tulimzika Seme mwaka juzi."

Akanyamaza. "Pole sana, mama. Basi nitahitaji cheti cha kifo, na miniti za mkutano mliomchagua mwingine."

Tulimwimbia marehemu usiku kucha. Tuliandika jina lake kwenye fulana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumtoa kwenye fomu ya benki.

Tulikimbia. Miniti, barua ya chifu, familia ikatafuta cheti cha kifo, yule wa Qatar akatuma barua yake. Juni 30 ikatukuta tukiwa kwenye foleni. Mwaka wa fedha ukafungwa, pesa zikarudi zilikotoka, na Julai tukaambiwa kwa heshima kwamba tunaweza kuomba upya. Sina wa kulaumu. Afisa alifanya kazi yake, na karani pia.

Mzee wa Khayega ndiye aliyeniumiza. Hakuwahi kunitukana. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili jioni: "Ngoma zenu zinalala kwangu, mama." Tulimlipa kwa miezi minane, elfu mbili, elfu moja, tukipiga harusi bila kugawana hata nauli. Tulipokwenda kuzichukua tulikuta kubwa na ndogo. Ile ya kati alikuwa ameiuza mtoto alipofukuzwa shule kwa karo, na ningekuwa yeye ningeiuza mapema zaidi. Mpaka leo ngoma yetu ya kati ni ya kuazima.

Kwa hiyo: jina liwe moja, herufi kwa herufi, kwenye cheti, kwenye PIN, benki na kwenye fomu ya maombi. Zilaze karatasi zote nne mezani, mtu mmoja asome kwa sauti na mwingine afuate kwa kidole. Kama cheti kina neno zima na benki wamelifupisha, hilo ni kosa, nendeni mkarekebishe sasa hivi wakati hakuna haraka. Akaunti itumiwe, hata mia tano za mchango ziingie kila mwezi, na muulize benki yenu akaunti hulala baada ya muda gani. Watia sahihi wawe watu wanaoishi karibu na wanaopokea simu. Akihama mmoja, au akifa, kikao cha kumbadilisha kifanyike mwezi huo huo, hata kama machozi hayajakauka. Na barua ya kushinda si pesa. Msiagize kitu chochote kwa ahadi ya barua.

Mengine ni mafupi. Bajeti iandikwe kwa bei mlizouliza dukani, na ankara zihifadhiwe. Shilingi 50,000 za "mambo mengineyo" zinafutwa kwa kalamu moja. Mkimlipa mkufunzi au mtaalamu shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi, sheria inawataka mkate asilimia 5 ya ushuru na kuipeleka KRA, kwa hiyo mwambieni mapema asije akadhani mmemla. Risiti siku hizi zinatakiwa ziwe za eTIMS, ule mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, na fundi anayechonga chini ya mti hana. Muulizeni mtoa ruzuku kwa maandishi, kabla ya kununua, atakubali nini badala yake, kisha jibu mlichapishe mliweke kwenye faili.

Tena kuna hili la kuringia UNESCO. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na mila za Kit Mikayi, yale mawe matakatifu ya Waluo, mwaka 2019. Ni heshima kubwa, lakini kutajwa kwenye orodha hakumpi mtu wa Nyalenda hapa Kisumu haki ya kuandika "mradi unaotambuliwa na UNESCO" juu ya pendekezo lake. Nimesoma mapendekezo ya namna hiyo nikaona aibu kwa niaba ya mwandishi. Kama ngoma si ya kwenu, nendeni kwa wenyewe, mkae, mnywe chai, mrudi na barua yao. Kuna sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi, na mzee mliyemrekodi bila ruhusa ana wajukuu wanaojua kusoma.

Fomu za serikali haziuzwi. Anayewaambia anamjua mtu ndani na anataka asilimia kumi kwanza, mnunulieni kikombe cha chai mumuage. Msimpe kijana wa saiba nywila ya iTax, ule mtandao wa KRA wa kujazia ritani, akae nayo. Msiachie mtu cheti halisi, mpeni nakala. Ukipeleka faili kwa mkono, omba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako na uupige picha hapo hapo mlangoni. Mheshimiwa akitaka picha na hundi ya mfano kabla pesa hazijaingia, pigeni naye picha, lakini msitoke hapo kwenda dukani. Na siku ya benki nendeni na vitambulisho vyenyewe, si picha kwenye simu, tena mfike kabla ya saa tatu asubuhi, maana foleni ya mwisho wa Juni hapa Oginga Odinga Street mnaijua.