SOMO: Delfi, namna ya kupata kauli moja ya wataalamu kabla sera haijafika kwa waziri

Ukiwakusanya wataalamu ukumbini, profesa akishasema, vijana wote wanainamia daftari. Mbinu ya Delfi, iliyobuniwa na taasisi ya utafiti ya RAND huko Marekani miaka ya 1950, inamtaka kila mtu ajibu kivyake, jina lisionekane.

Hatua ya 1: Jopo. Madaktari bingwa peke yao hawatoshi. Delfi ya UVIKO-19 iliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022 ilikuwa na watu 386 kutoka nchi na maeneo 112, wakiwemo wa serikali na asasi za kiraia. Wewe hata 20 wanakutosha, mradi nesi wa zahanati awemo.

Hatua ya 2: Kauli, yaani sentensi ambazo jopo litazipigia kura ya kukubali au kukataa. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. "Elimu ya malaria iboreshwe" kila mtu ataikubali, nawe hujapata kitu. Jaribu hii: "Mtoto mwenye homa asipewe dawa ya malaria kabla ya kipimo." Sasa watu wanaanza kukuna vichwa. Kauli ibebe jambo moja tu. Ikibeba mawili, ikate.

Hatua ya 3: Kiwango. Amua kabla ya kura ya kwanza asilimia ngapi ndiyo muafaka; 70 hadi 80 ni kawaida. Ukiamua baada ya kuona matokeo, umechezea mizani.

Hatua ya 4: Raundi. Tuma, kusanya, rudisha matokeo na maoni bila majina, rekebisha, tuma tena. Lakini usizidishe: ukifika raundi ya nne watu wamechoka, hata simu hawapokei.

MASWALI

— Mwalimu, wakishakubaliana si ndiyo ushahidi tayari?

Hapana, ndugu yangu. Kwinini ilikubalika miaka mingi kwa malaria kali. Jaribio la AQUAMAT la mwaka 2010 likapima watoto 5,425 Afrika, wakiwemo wa Muheza, Korogwe na Kilifi: waliochomwa artesuneti walikufa asilimia 8.5, wa kwinini 10.9. Mwaka 2011 WHO ikabadili mwongozo. Penye jaribio kama hilo, usiitishe kura.

— Bosi anataka kujua nani kapinga. Nimpe?

Usimpe. Majina anabaki nayo mratibu.

— Kauli imegoma kwenye asilimia 60, nifanyeje?

Soma maoni kwanza. Kwa kauli yetu ya homa, nesi atakuandikia: "Vipimo vikiisha je?" Ongeza "pale kipimo kinapopatikana", uirudishe. Ikigoma tena, ripoti hiyo 60 na sababu za waliokataa.